Peptidi za Kupaka kwa Ngozi Inayozeeka na Nywele Zinazopungua: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya waliojaribu serumu za peptidi ni yaleyale: "Nimemaliza chupa nzima, sioni kitu." Ukimuuliza mhusika alivyotumia, unakuta makosa yaleyale pia. Alipaka serumu ya peptidi za shaba juu ya vitamini C. Hakupaka kinga ya jua hata siku moja. Aliacha wiki ya tatu. Au serumu ya kichwani iliishia kwenye nywele, ngozi ikabaki kavu. Na wapo wanaonyonyoka nywele kwa sababu ambazo hakuna peptidi inayoweza kuzitibu, kama upungufu wa madini ya chuma au misuko inayovuta.

Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Vikipenya kwenye ngozi, vinatoa ishara: seli zijenge kolajeni zaidi (protini inayoipa ngozi uimara), uvimbe utulie, misuli ya uso ilegee kidogo. Kazi hiyo ni ya polepole na matokeo yake ni ya wastani. Kwa mikunjo, tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ina ushahidi mkubwa kuliko peptidi yoyote. Kwa upara wa kurithi, dawa ya kupaka iliyothibitishwa ni minoksidili.

Hata hivyo peptidi zina sifa moja kubwa: ni pole. Ngozi nyeusi ikiwashwa au ikibabuka huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Bidhaa isiyochokoza ngozi ina thamani yake, mradi itumike ipasavyo.

## Vitu vya kuandaa

- Serumu ya uso yenye peptidi
- Serumu ya kichwani yenye peptidi, kama nywele nazo zinapungua
- Sabuni laini ya maji ya kunawia uso (sabuni ya kipande ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ya 9 hadi 10, wakati ngozi iko karibu na 5, kwa hiyo huichokoza)
- Krimu ya kulainisha isiyo na manukato
- Kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi
- Kitana chenye mkia, cha kugawia nywele
- Shampuu
- Simu ya kupigia picha, na daftari

Kabla hujatoa hela, piga hesabu. Matone 20 ya serumu nyepesi ni kama mililita 1. Uso na shingo vinahitaji nusu mililita kwa siku, kichwa kinahitaji mililita 1. Muda wa chini kabisa wa kujua kama bidhaa inakufaa ni wiki 12, yaani siku 84. Kwa hiyo uso unahitaji mililita 42, ambazo ni chupa mbili za mililita 30. Kichwa kinahitaji chupa tatu kwa wiki hizo, na kwa kuwa hukumu yake ni mwezi wa 6, andaa kama sita kwa jumla.

Kama mfuko unaruhusu chupa moja tu, subiri hadi upate ya pili, au weka hela hiyo kwenye kinga ya jua. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Chupa moja iliyogawanywa kati ya uso na kichwa haitoshi kokote, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha.

## Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kulipa

Neno "peptide" likiandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi halithibitishi chochote. Geuza boksi, tafuta orodha ya viambato kwa maandishi madogo, uone kama kuna mojawapo ya majina haya:

- Copper Tripeptide-1: hii ndiyo peptidi ya shaba, inayoitwa pia GHK-Cu. Hutumika usoni na kichwani. Serumu yake huwa ya bluu kwa sababu ya shaba yenyewe.
- Palmitoyl Pentapeptide-4, au Palmitoyl Tripeptide-1 pamoja na Palmitoyl Tetrapeptide-7: za kuchochea kolajeni. Neno "palmitoyl" maana yake peptidi imeunganishwa na mkia wa mafuta ili ipenye kwa urahisi tabaka la juu la ngozi, ambalo nalo lina mafuta.
- Acetyl Hexapeptide-8: ya mistari ya paji la uso na pembeni mwa macho. Hupunguza kidogo ishara zinazokaza misuli. Usiitarajie ifanye kazi ya sindano ya botoksi.
- Biotinoyl Tripeptide-1 na Acetyl Tetrapeptide-3: hizi ni za kichwani.

Usishtuke ukikuta jina la peptidi karibu na mwisho wa orodha. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote, na peptidi nyingi hufanya kazi kwa kiwango kidogo sana. Cha kushtua ni orodha kukosekana kabisa, au chupa isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Onyo: Kuna unga wa peptidi unaouzwa mtandaoni kwenye vichupa vidogo, wauzaji wakielekeza watu wauchanganye na maji wajidunge. Usiuguse. Lebo zake huandikwa kuwa ni kwa utafiti wa maabara tu. Hujui usafi wake wala kipimo chake, na sindano chafu huleta jipu na maambukizi ya damu. Mwongozo huu ni wa kupaka peke yake.

## Hatua ya 2: Ondoa kwanza mkorogo

Kama unapaka mkorogo au krimu yoyote ya kung'arisha, peptidi hazitakusaidia. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, na steroidi zikipakwa kila siku hupunguza kolajeni na kuifanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane. Unakuwa unajenga usiku na kubomoa asubuhi. Nyingine zina zebaki, ambayo huumiza figo, au haidrokwinoni isiyopimwa, ambayo ikitumika muda mrefu huacha weusi wa kijivu usiotoka.

Aliyetumia krimu ya steroidi kwa miezi asiikate ghafla peke yake. Uso unaweza kuwaka moto, kuwa mwekundu na kujaa vipele. Muone daktari akupangie namna ya kuiacha. Peptidi zianze ngozi ikishatulia.

Utajua umefaulu pale ngozi isipouma ukinawa kwa maji matupu.

## Hatua ya 3: Jaribu sehemu ndogo

Paka tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, mahali palepale, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Sababu ni kwamba mzio wa ngozi mara nyingi hautokei siku ya kwanza. Hujitokeza baada ya siku kadhaa za kupaka, na kinachouleta mara nyingi si peptidi bali ni manukato au vihifadhi.

Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, nawa, usiendelee. Pakibaki kama palivyokuwa, endelea.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye saratani ya ngozi na mwenye ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hushindwa kutoa shaba, wazungumze na daktari kwanza.

## Hatua ya 4: Jua nywele zako zinapungua kwa nini

Anayeshughulikia uso tu anaweza kuruka hatua hii. Wengine wote, tafadhali msiikimbie, kwa sababu hapa ndipo nywele zinapookolewa au kupotea. Simama kwenye mwanga, shika kioo cha mkononi mbele ya kioo kikubwa, ukague kichwa chote.

Nywele za mbele na pembeni zimerudi nyuma. Angalia vizuri ukingo wa paji la uso. Je, umebaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi mbele, na nyuma yake pengo? Hiyo ni dalili ya nywele kuvutwa: rasta za kubana, wivingi, wigi la gundi, au kilemba kinachofungwa kwa nguvu palepale kila siku. Ikiwahiwa, nywele hurudi zenyewe ukiacha kuvuta. Ikicheleweshwa, shina hufa likawa kovu. Mwambie msusi alegeze. Ukitoka kusukwa kichwa kinauma, au vipele vidogo vimetokea kwenye mizizi, msuko huo umebana mno, ufumuliwe siku hiyohiyo. Serumu haiwezi kushindana na msuko.

Utosi wa mwanamke unapungua na kuenea kwa duara, unawasha, unachoma au unauma ukiguswa, ngozi inang'aa. Nenda hospitali wiki hii. Kuna ugonjwa unaoanzia katikati ya utosi, unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, na unaua mashina ya nywele moja kwa moja. Tiba yake ni kuzuia usisambae, na kila mwezi wa kusubiri unagharimu nywele zisizorudi.

Zinadondoka kichwa kizima, zinajaa kwenye kitana. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikizidi sana, rudisha mawazo miezi miwili au mitatu nyuma: ulijifungua? Uliugua homa kali? Ulifanyiwa upasuaji? Ulikonda haraka? Mwili hupeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa pamoja, na huzirudisha zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12. Kama hakuna tukio, omba upimwe damu, madini ya chuma na tezi ya thairoidi. Mwanamke anayetoka hedhi nyingi aanzie hapo.

Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kabisa, au magamba na harufu. Hii ni kazi ya daktari. Mapunye, kwa mfano, huhitaji dawa ya kumeza.

Mwanamume anapungukiwa pembeni mwa paji la uso na utosini, au mwanamke mstari wake wa katikati unapanuka taratibu bila muwasho. Huu ndio upunguaji wa kurithi, na hapa peptidi zina nafasi, hasa zikiwa msaidizi wa minoksidili.

Hospitali kubwa za rufaa kama KCMC Moshi, Muhimbili Dar es Salaam na Kenyatta Nairobi zina kliniki za ngozi, na daktari wa ngozi ndiye pia daktari wa nywele. Wengi hawalijui hilo, wanaishia kwa wauza mafuta.

## Hatua ya 5: Piga picha za kuanzia

Macho yanayokiona kioo kila siku hayaoni mabadiliko ya wiki 12. Simama dirishani saa 3 asubuhi, bila vipodozi: picha ya mbele, ya kulia na ya kushoto. Kwa kichwa, gawa nywele kwa mstari uleule wa katikati, upige utosi na ukingo wa mbele. Andika tarehe. Rudia kila baada ya wiki 4, dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu mwanga wa pembeni unaweza kuongeza au kufuta mikunjo yote.

## Hatua ya 6: Uso, usiku

1. Nawa kwa sabuni laini. Futa kwa kugusagusa, uache unyevu kidogo.
2. Weka matone 8 hadi 10 kiganjani. Gawa kwa paji la uso, mashavu, kidevu na shingo. Shingo husahaulika, na ndiyo huonyesha umri mapema. Usiburute vidole, bonyeza taratibu.
3. Subiri dakika mbili au tatu, hadi isinate tena.
4. Paka krimu ya kulainisha. Inazuia maji yasitoke na inaipa peptidi muda wa kuingia.

Wiki mbili za kwanza, paka usiku mmoja na kuruka mmoja. Baada ya hapo, kila usiku.

Visichochanganywa. Peptidi za shaba zisikutane na vitamini C ya aina ya asidi askobiki. Shaba huharakisha kuoza kwa vitamini hiyo kabla haijafanya kazi, na asidi yake kali inailegeza shaba kutoka kwenye peptidi. Umelipia vyote viwili na vyote viwili vimeharibika. Vitamini C iwe asubuhi, shaba iwe usiku. Asidi za kubandua ngozi kama glaikoliki na salisiliki ziwe na usiku wake, vivyo hivyo dawa ya chunusi ya benzoili peroksidi.

Retinoli (ndugu dhaifu wa tretinoini) na tretinoini zipeane zamu na peptidi za shaba: usiku huu hii, kesho ile. Hazigombani kama vitamini C, ila ngozi isiyozoea hukauka ikipewa vyote kwa pamoja.

Utajua umefaulu usipohisi chochote zaidi ya unyevu. Kuchoma si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ukiona wekundu, magamba au weusi mpya, acha siku 5, paka krimu tu, kisha rudi mara mbili kwa wiki.

## Hatua ya 7: Uso, asubuhi

Maji au sabuni laini, vitamini C kama unayo, krimu, halafu kinga ya jua. Miale ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, ileile unayojaribu kuijenga usiku. Weusi wa ngozi hupunguza madhara, hauyazuii. Huku kwetu ngozi huzeeka zaidi kwa mabaka na rangi isiyolingana kuliko kwa mikunjo midogo, na mabaka hayo ni kazi ya jua.

Kipimo: mistari miwili ya kinga ya jua, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Mwenye melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, atafute ile yenye rangi ya ngozi, yenye oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana huongeza weusi kwenye ngozi nyeusi, na kinga isiyo na rangi haiuzuii.

Kama asubuhi huwezi kufanya kingine chochote, fanya hiki. Serumu bila kinga ya jua ni kutwanga maji kwenye kinu.

## Hatua ya 8: Kichwani

Osha kichwa kwanza. Jeli, mafuta mazito na mabaki ya dawa ya nywele hufunika ngozi, na serumu ya maji haipiti juu ya mafuta. Shampuu mara moja kwa wiki, au kila baada ya siku 10 kwa nywele kavu sana, inatosha.

1. Ngozi ya kichwa iwe kavu au na unyevu kidogo, isiwe imelowa.
2. Kwa mkia wa kitana, gawa mstari katika eneo linalopungua. Ngozi ionekane.
3. Dondosha matone 3 au 4 kwenye mstari huo bila ncha ya dropa kugusa ngozi, usije ukaingiza bakteria kwenye chupa.
4. Sogea sentimita 1 au 2, gawa mstari mwingine. Mistari 5 hadi 6 kwa jumla, hadi mililita 1 iishe.
5. Sambaza kwa ncha za vidole kwa dakika moja. Usitumie kucha.
6. Acha ikauke.

Mwenye rasta au mabutu hana haja ya kufumua. Dondosha kwenye njia zilizo wazi kati ya misuko. Anayejifunga ushungi au kilemba apake usiku, au asubiri ikauke kabisa kabla ya kujifunika, kwa kuwa unyevu uliofungiwa kichwani hualika mba na fangasi. Anayependa mafuta ya nazi ayapake baadaye, kwenye nywele zenyewe, si kwenye ngozi.

Anayetumia minoksidili afuate kipimo cha lebo yake na aitenganishe na peptidi kwa saa kadhaa, kwa mfano minoksidili asubuhi na peptidi usiku. Katika wiki 2 hadi 8 za mwanzo minoksidili inaweza kuongeza kudondoka, kwa sababu nywele kongwe zinazipisha mpya. Wengi huacha hapo kwa hofu, kabla tu haijaanza kuwafaa. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya kushuka aulize daktari.

Onyo: Rola za sindano za kutoboa ngozi zimeshika kasi. Nyumbani, bila usafi wa hospitali, huleta maambukizi, na kwa anayepata makovu ya kuvimba ni hatari zaidi. Peptidi hazihitaji rola.

## Hatua ya 9: Tunza chupa

Joto la Dar es Salaam au Mombasa huharibu peptidi haraka. Weka chupa kwenye mlango wa friji, au ndani ya kabati lenye giza, kamwe si bafuni wala kwenye gari. Nyuma ya chupa kuna kachoro kadogo ka kopo lililo wazi, ndani yake 6M au 12M: ni miezi ya matumizi tangu ulipofungua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu. Serumu ikibadilika rangi au harufu, itupe.

## Nini kitegemewe, na lini

Wiki ya 1 hadi 4, ngozi inalainika. Huo ni unyevu, kolajeni bado. Ukisifiwa wiki ya pili, furahi, ila usiache.

Wiki ya 8 hadi 12, mistari midogo pembeni mwa macho inaonekana hafifu kwenye picha na ngozi inakuwa imara kidogo ukiishika. Mikunjo mirefu na mashavu yaliyoshuka hayatabadilika, hiyo si kazi ya krimu yoyote.

Kichwani ni taratibu zaidi. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na shina lililolala huchukua muda kuamka. Mwezi wa 3, hesabu nywele zinazobaki kwenye kitana: zinapaswa kupungua. Mwezi wa 4 hadi 6, tazama ukingo wa mbele dhidi ya mwanga. Vinywele vifupi, laini, vyenye ncha iliyochongoka ni nywele mpya. Vyenye ncha butu, iliyokatika, vinaonyesha nywele zinakatika, na shida hiyo ni ya ukavu, moto wa pasi au dawa ya kunyoosha.

Ikifika wiki ya 12, weka picha za uso za kwanza na za mwisho sambamba, umpe mtu asiyejua ipi ni ipi. Akichagua sawasawa, endelea na serumu hiyo. Asipoona tofauti, usihamie peptidi nyingine: baki na kinga ya jua na krimu, na fedha ya serumu ipeleke kwa daktari ukaulizie tretinoini. Kwa kichwa, fanya hivyo mwezi wa 6, na eneo likiwa limezidi kupanuka hata kabla ya hapo, usisubiri mwezi wa 6, nenda kliniki na picha zako.